Mbuzi ya Nazi Inaponyamaza

Mamkubwa hukuna nazi akitazama televisheni. Huikalia mbuzi yake karibu na mlango, mguu mmoja ndani, mwingine nje barazani, sinia chini ya meno ya chuma, na mikono hujiendea yenyewe bila kuangaliwa. Kwa muda mrefu sauti ile ya kukwaruza ilinikera kwa kuwa ilifunika maneno ya waigizaji. Ilinichukua siku nyingi kutambua kwamba nilipaswa kuisikiliza, hasa pale inaponyamaza, maana kila iliponyamaza kulikuwa na jambo kwenye kioo ambalo yeye ameliona na mimi limenipita.

Ilikuwa mwaka 2020. Hoteli niliyokuwa nikiifanyia kazi kule Diani, upande wa stoo, ilifunga mwezi wa Machi wageni walipokwisha, na sisi tukaambiwa twende nyumbani tukangoje simu. Nilikuwa nimepanga chumba Ukunda. Kodi iliponielemea nilifunga virago, nikapanda bodaboda, nikavuka Mto Mwachema kurudi Tiwi kwa Mamkubwa, dada mkubwa wa marehemu mama. Mtu mzima na ndevu zangu, nina begi moja, godoro, na flashi mfukoni. Kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni kila mtu awe ndani. Tarehe 8 Aprili tukafungiwa na njia pia, hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Feri ya Likoni, ambayo tuliizoea kama mlango wa nyumba, ikawa kitu cha kusimuliwa.

Basi saa moja watu wako ndani, na saa moja na nusu ni Maria.

Nadhani wengi wanaikumbuka tamthilia hiyo. Televisheni ya Citizen walianza kuirusha mwaka 2019, Jumatatu hadi Ijumaa: binti wa mtaa wa mabanda, aliyeigizwa na Yasmin Said, anaingia katika nyumba ya kina Hausa, matajiri, moyo wake unamwangukia Luwi, na Luwi tayari ana mchumba, Sofia. Kwenye ua wetu kulikuwa na nyumba nne na televisheni moja inayoonyesha vizuri, ya Mamkubwa. Wanawake walikuja na vigoda vyao, watoto wakajipanga mkekani, na rimoti, iliyofungwa nailoni isiingie vumbi wala mafuta ya samaki, ilikaa mapajani mwa mwenye nyumba.

Mimi nilichoka ndani ya dakika kumi. Nikiwa mkweli zaidi, nilikuja pale nimeshachoka. Niliketi nyuma kabisa, mgongo ukutani, kwa ile hali ya mtu anayetaka aonekane kwamba haangalii. Niliona tajiri anayesimama dirishani akiwaza kwa sauti, niliona mlango usiofungwa sawasawa ili mtu apate kusikiliza, nikasema moyoni, hii nimeshaiona. Nilikuwa nimeiona kweli, katika tamthilia za Mexico tulizolishwa tangu utotoni na katika zile za Kihindi.

Tena nilikuwa na kitu changu. Kwenye ile flashi kulikuwa na The Wire, vipindi sitini vyote, misimu mitano, kazi ya David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi wa gazeti la Baltimore Sun kabla ya kugeukia televisheni. Ilirushwa Marekani kati ya 2002 na 2008, na watu wanaojiona wanajua hupenda kusema kwamba haijapata mfano. Nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeibeba ile tamthilia kama watu wengine wanavyobeba shahada.

Kosa langu nililifanya katika mwezi wa Ramadhani. Misikiti ilikuwa imefungwa, taraweh ilisaliwa nyumbani, na baina ya futari na sala palikuwa na kile kipande cha wakati ambacho Mamkubwa alikigawa kwa hesabu zake mwenyewe. Vyombo havijatolewa, kaimati mbili tatu zimebaki kwenye bakuli. Maria ikaanza. Sijui ni shetani gani aliyenipanda, na huo ni mwezi ambao twaambiwa mashetani wamefungwa. Nikaanza kutabiri. "Sasa huyo atasimama nyuma ya mlango." Akasimama nyuma ya mlango. "Sasa simu italia kabla hajasema." Ikalia. Watoto wakacheka, nami nikanoga. Nikaendelea mpaka mwisho, kila jambo nikilitangulia kwa neno moja, kama mtu anayepita mbele ya jamaa wanaotembea na kuwafungia milango.

Hakuna aliyenikemea. Wanawake waliaga, wakabeba vigoda vyao.

Kesho yake saa moja na nusu televisheni haikuwashwa. "Tokeni za stima zimekwisha," Mamkubwa alisema. Nilimwamini kwa dakika moja, mpaka nikaona kitaa chekundu cha king'amuzi kinawaka pale chini ya kioo. Nikanyamaza. Siku ya pili tokeni zilikuwa zimekwisha tena. Siku ya tatu nilitoka uani kunawa, nikasikia kupitia ukuta wa jirani ule muziki wa kuanzia, hafifu, unatoka kwenye ile televisheni mbovu inayoonyesha watu wawili wawili, na juu yake nikasikia sauti ya mbuzi. Alikuwa ameihamisha mbuzi yake.

Nimeshafanya makosa makubwa kuliko hilo, ya fedha na ya ndoa, lakini sikumbuki lililonifanya nijione mdogo kiasi kile. Nilisimama na kopo la maji mkononi. Nilikuwa nimedhani nimewavunjia kitu cha kijinga ambacho kisingepungukiwa na chochote kwa kuvunjwa. Kumbe wao pia walijua kwamba mtu atasimama nyuma ya mlango. Walijua kabla yangu. Hawakuwa wakingoja kuambiwa nini kitatokea. Walikuwa wakingoja kitokee, wakiwa pamoja, kwa wakati wake. Mimi niliwanyang'anya kule kungoja. Katika mwaka ule, wakati kila kitu kingine tulichokingoja hakikuwa na saa wala tarehe, pengine ndicho pekee walichokuwa wakingoja wakiwa na hakika kwamba kitafika.

Niliomba radhi kwa njia yetu ya pwani, yaani sikuomba. Nilinunua tokeni, nikapeleka karatasi, nikaiweka juu ya rimoti. Jioni ile nilikaa mbele, mkekani, pamoja na watoto, na nikafunga mdomo.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza mbuzi.

Na nilianza kusikiliza pia masimulizi ya asubuhi. Mwanamke mwenye duka pale barabarani alikuwa akikosa vipindi vingi, na Mamkubwa alimsimulia alipokwenda kununua mafuta ya taa. Siku moja nilimfuata nikabeba kikapu. Alianza kwa mama wa kila mtu. Fulani, mwana wa fulani, ambaye alipokewa na fulani. Akafika katikati, akasimama, akauliza, si kwa mzaha hata kidogo: "Lakini huyu Maria hana mjomba? Mjomba wake yuko wapi mambo yote haya?" Na yule wa duka akaweka chini pakiti ya majani ya chai, wakalijadili jambo hilo kwa robo saa nzima.

Mimi katika vipindi vyote nilivyokwisha kuvitazama sikuwahi kujiuliza kuhusu mjomba. Lakini sisi ni Wadigo. Kwa wazee wetu mali ilifuata fuko, ilitoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa, na ijapokuwa dini na mahakama zimebadilisha mengi, mtoto asiye na upande wa mama bado anaonekana kama nyumba isiyo na ukuta mmoja. Mamkubwa hakuwa akitazama mapenzi ya Luwi na Maria peke yake. Alikuwa akitazama kesi. Binti yuko katika nyumba ya watu, hana wa kumsemea, na kila siku saa moja na nusu kesi inaahirishwa mpaka kesho.

Baadaye nilisoma juu ya watafiti wawili, Tamar Liebes na Elihu Katz, walioitoa kazi yao katika kitabu mwaka 1990. Walikwenda majumbani mwa watu wakatazama nao Dallas, ile tamthilia ya matajiri wa mafuta wa Texas, kisha wakawaomba wasimulie walichokiona. Waarabu wa Israeli na Wayahudi waliotoka Morocco walisimulia mwanzo hadi mwisho, jambo kwa jambo, kama hadithi ya ukoo. Waliotoka Urusi waliruka kisa chenyewe wakaeleza ujumbe, nini watayarishaji wanataka tuamini. Wamarekani walizungumzia wahusika na tabia zao. Na Japani Dallas ilikwama ikaondolewa. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Nyumba yetu ya Tiwi ilikuwa na Mmorocco mmoja na Mrusi mmoja, na Mrusi alikuwa akimdharau Mmorocco.

Ningetamani kusema kwamba kuanzia hapo nilielewa. Nilichofanya ni kubuni nadharia. Kama mtu hutazama kile kinachofanana na maisha yake, nikawaza, basi nitamwonyesha Mamkubwa msimu wa pili wa The Wire, wa bandari. Marehemu mumewe alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Mle kuna makontena, kuna chama cha wafanyakazi kinachokufa, kuna wanaume wanaogombea zamu ya kazi asubuhi. Nikaazima kompyuta, nikaiweka juu ya stuli, nikawa natafsiri kwa sauti, nikijifanya DJ Afro, yule msimulizi wa filamu. Mbuzi ilikwenda bila kusita kwa dakika ishirini. Kisha ikasita, nami nikageuka kwa furaha. Alikuwa amelala.

Sikukata tamaa, mtu mwenye nadharia ni msumbufu. Nikajaribu msimu wa nne, wa wavulana wa shule. Kuna mtoto mmoja, Dukie, ambaye wa nyumbani kwao huuza hata nguo zake wapate dawa za kulevya, na mwalimu wake anamfulia nguo pale pale shuleni. Hapo mbuzi ilinyamaza. Mamkubwa alisogea, akauliza, "Mamake yuko wapi?" Nikamweleza. Akatazama mpaka kipande kile kikaisha. Halafu akasema nizime.

"Haya mimi nayaona mchana," alisema. "Usiku nataka ya harusi."

Na ni kweli huyaona. Unga wa kulevya uliingia pwani hii miaka mingi iliyopita, na hakuna anayeishi baina ya Likoni na Ukunda asiyemjua teja kwa jina lake la utotoni. Mimi niliutazama ule umaskini wa Baltimore kama mtu anayetazama ramani ya nchi asiyoishi, na nikajiona mjuzi kwa kuutazama bila kugeuza uso. Yeye hakuwa na haja ya kufundishwa kutogeuza uso.

Hapo nikapata nadharia ya pili, nzuri kuliko ya kwanza: wanaoyaishi machungu hawataki kuyatazama. Ilidumu wiki tatu. Mpwa wangu mmoja wa bodaboda, aliyewahi kuutumia huo unga na akaacha kwa taabu, aliazima ile flashi. Akairudisha misimu yote mitano imeisha. Hakutaka kuzungumza juu ya polisi wala wauzaji wala siasa, mambo niliyoyasifu mimi kwa miaka. Alitaka kuzungumza juu ya Bubbles, yule teja anayeishi chumba cha chini katika nyumba ya dada yake, na mlango wa juu umefungwa kwa ndani asiibe. Mwishoni kabisa Bubbles anapanda ngazi, mlango uko wazi, anakaa mezani kula na wenzake. Ni kitambo kifupi. Mimi sikukikumbuka. Mpwa wangu alikuwa amekirudia mara nyingi. "Ile ngazi, Mjomba," alisema, na akawa anaufuta mkono wa pikipiki ambao haukuwa na vumbi.

Watu husema kipendacho moyo ni dawa, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi methali hiyo hunipa shaka. Dawa ile ile ilimlaza mmoja na kumwamsha mwingine, na wote wawili ni damu yangu.

Jambo lingine lazima nilikiri, maana ndilo lililonichoma zaidi baadaye. Mara ya kwanza nilipoitazama The Wire, miaka kadhaa kabla, nilisinzia. Nilisinzia kipindi cha kwanza, cha pili, na cha tatu nilikitazama nikichezea simu. Sikuelewa nani ni nani, Kiingereza chao kilinipita, hakuna aliyekuwa akielezea kitu. Niliendelea kwa sababu aliyenipa alikuwa mkubwa wangu kazini, mtu aliyesifiwa kwa akili, na niliona haya kumrudishia nikasema sijaiweza. Kiasi cha kipindi cha saba hivi ndipo ikanifungukia. Nikisema ile tamthilia ilinivutia, basi nasema uongo kidogo. Ni mimi niliyejivuta. Niliipa saa saba za uvumilivu kwa sababu ya kuona haya, na Maria nikaipa dakika kumi, nimeegemea ukuta.

Mamkubwa alikuwa ameilipia Maria kwa njia yake, na kwa muda mrefu zaidi. Katika ujana wake Mombasa alitazama filamu za Kihindi pale Regal na Naaz, hajui neno la Kihindi, na bado anaweza kuieleza Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951 ikirudiwa rudiwa, yule kijana anayeletwa mahakamani kwa kutaka kumuua hakimu ambaye ni babake na hamjui. Mwenye kuijua Awaara hachoshwi na binti asiyejulikana watu wake. Ameshajifunza sarufi.

Siku moja nikadhani nimefika mwisho wa jambo. Niligundua kwamba kabla ya kuolewa alifanya kazi za ndani kwa miaka miwili katika nyumba ya watu wenye nacho huko Mombasa. Hakuwahi kutuambia. Nikakaa naye jikoni, nikamwambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayegusa kidonda, kwamba sasa naelewa kwa nini anampenda Maria. Alinitazama. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Mwanangu," alisema, "mimi nampenda kwa vile anavyokunja pua akikasirika. Wewe kila kitu lazima kiwe na sababu?"

Mwaka 2021 Maria ikaisha. Hoteli ilikuwa imeniita tena, kwa nusu mshahara, nami nikaamua nisirudi Ukunda. Nilikuwa nikienda na kurudi. Baada ya Maria ikaja Zora, saa ile ile, watayarishaji wale wale, Rashid Abdalla na Lulu Hassan, wale wale tuliowazoea katika taarifa ya habari, na mbele yake yuko Sarah Hassan. Nilimwahidi Mamkubwa kwamba ataipenda. Mimi nilikuwa nimeshanunuliwa. Nilikuwa nikimhimiza dereva wa matatu pale Ukunda asijaze tena tufike. Na mbuzi ikawa inakwenda. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi mzima, inakwenda tu. Nazi za kutosha kijiji zilikunwa mbele ya Zora. Mwishowe akawa anaingia kulala mapema, mimi naachwa na wanawake wa uani, nikiwa mwanamume pekee mkekani.

"Haikushiki?" nilimuuliza.

"Hainishiki."

"Kwa nini?"

Akainua mabega. Nilingoja neno jingine, halikuja, na kwa mara ya kwanza sikulitafuta mimi kwa niaba yake. Hata hivyo nililala nikiwaza. Wahusika ni wale wale wa aina ile, nyumba kubwa zile zile, machozi yale yale. Kama ilikuwa ni Awaara, mbona haikutosha? Kama ilikuwa ni kesi ya asiye na mjomba, hata humu walikuwamo wenye kesi. Labda ilikuwa ni ile pua. Labda ilikuwa kafyu, na sasa imelegezwa, na mtu aliyeweza kwenda kwa dada yake Msambweni hakuwa tena yule aliyefungiwa. Labda, na hili nalisema kwa kuogopa, alichokipenda mwaka ule ni sisi kuwa sote ndani.

Mwaka 2022 ikaja Sultana, ya binti asiyeona, na mambo yake ni ya pwani. Mamkubwa akarudi mlangoni na mbuzi yake. Sikumhimiza, sikumuuliza. Nilikata mchicha nikasikiliza. Wiki ya pili, mbuzi ikaanza kusita.

Usiku mmoja wa mvua za masika, kipindi kiko katikati, mtu ameinua mkono na hajulikani kama atapiga au atashika, stima ikapotea. Uani pote giza. Watoto wakapiga kelele, mmoja akawasha tochi ya simu, mwingine akamwambia azime, chaji itaisha. Tuliketi. Nazi nusu ilikuwa bado imeshikwa juu ya meno ya mbuzi. Nilisikia maji ya mvua yanavyodondoka kutoka makutini kuingia ndooni.

"Haya," Mamkubwa akasema gizani. "Yuko wapi yule bingwa wetu wa kutabiri? Tumalizie."

Nilihisi masikio yananichoma. Niliweka kisu chini. Nikaanza kwa ule mkono ulioinuliwa, nikasema nadhani hatapiga, kwa sababu.

"Hapana," akanikata. "Anza kwa mamake."